Gari Lililofundishwa Kusimama

Mtajie kijana wa mjini gari lolote zuri, swali lake la kwanza litakuwa: linakimbia ngapi? Watoto wakichungulia kwenye kioo cha gari lililoegeshwa, wanachotafuta ni saa ya spidi, waone namba ya mwisho. Ni nani umemsikia akiuliza, je, linasimama vipi? Swali hilo huwa tunalikumbuka tukiwa mteremkoni, dereva anapampu pedeli na konda kanyamaza ghafla.

Mimi nataka nianzie hapo. Nina hadithi ya kweli ya gari la Kiingereza, Jaguar, tangu XK120 ya mwaka 1948 hadi D-type ya 1955, na nitaisimulia kwa upande wa breki. Upande wa mwendo umeshasimuliwa sana, na wengi wanaousimulia ni watu wenye pesa za kununua magari hayo. Sisi wa kalamu tuchukue upande uliobaki.

Kwanza jina. Jaguar ni mnyama wa Amerika ya Kusini, jamii ya chui, mnene kidogo na mwenye taya kali zaidi. Uingereza hayuko, na mwenye kampuni, William Lyons, hakuwa mwindaji. Alikuwa kijana wa Blackpool, mji wa pwani wa watu kwenda kustarehe, na alianza biashara mwaka 1922 akiwa ndiyo kwanza anatimiza miaka 21, yeye na jirani yake William Walmsley. Walikuwa wakitengeneza vile vigari vya kubandika pembeni ya pikipiki, vya kupakia mchumba. Kampuni iliitwa Swallow, yaani mbayuwayu. Baadaye wakahamia Coventry, mji wa viwanda vya magari, wakaanza kutengeneza magari kamili waliyoyaita SS. Mwaka 1935 likaja gari la SS Jaguar. Halafu ikaja vita, na ilipokwisha mwaka 1945 hakuna Mwingereza aliyetaka kusikia herufi hizo mbili, kwa sababu ya wauaji wa Hitler waliozichafua. Basi SS ikafutwa, akabaki chui peke yake.

Coventry yenyewe ilikuwa imepigwa. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Wajerumani ziliumwagia mji ule mabomu hadi alfajiri, kanisa kuu likabaki kuta. Kwa ajili hiyo kila kiwanda kilikuwa na zamu ya usiku ya kulinda moto: watu wanakaa macho, ndoo za mchanga na maji zikiwa tayari, bomu la moto likianguka wanalikimbilia. Lyons, mtu mjanja, akapanga zamu yake iwe pamoja na mainjinia wake: William Heynes, Walter Hassan na Claude Baily. Unalinda moto, saa nane za usiku, usingizi hauruhusiwi, utafanya nini? Wakawa wanachora injini. Nchi haikuwa na petroli ya kutembelea, hakukuwa na soko, na hakuna aliyejua kama kiwanda kitakuwepo kesho. Wao wanazungumza valvu na kemshafti.

Ninaipenda sehemu hii kuliko zote, nikiri. Kuna watu husema kazi ya ubunifu inataka utulivu na meza safi.

Injini iliyozaliwa katika zamu zile iliitwa XK. Silinda sita kwa mstari, ujazo wa sentimita za ujazo 3,442, kichwa cha alumini, na juu yake kemshafti mbili zinazosukuma valvu moja kwa moja. Mpangilio huo wakati ule ulikuwa wa magari ya mashindano na ya matajiri wakubwa; kuuweka kwenye gari la kuuzwa dukani kwa bei ya kawaida kulionekana kama wazimu. Nguvu farasi 160. Ilikusudiwa kwa gari kubwa la familia, la milango minne. Lakini bodi ya gari hilo ilichelewa, na Oktoba 1948 kulikuwa na maonyesho ya magari Earls Court, London, ya kwanza tangu kabla ya vita. Kwenda na injini tupu juu ya meza? Lyons akachukua chasisi ya gari jingine, akaikata fupi, akasimama na mafundi bati wake. Yeye hakuwa mchoraji wa karatasi. Alifanya kazi kwa macho: fundi anakunja bati, bosi anarudi nyuma hatua kumi, anatazama, anasema punguza hapa, ongeza pale. Kwa wiki chache tu gari likawa tayari. Likaitwa XK120, hiyo 120 ikiwa maili kwa saa, yaani kilomita 193.

Ukiliona kwenye picha hutalisahau. Pua ndefu, taa mbili zimekaa karibu karibu kama macho ya mtu anayefikiri, na matairi ya nyuma yamefunikwa na bati hadi chini. Hilo bati la nyuma likumbuke, tutalirudia. Bei ilitajwa pauni 998 kabla ya kodi. Usidhani hizo pauni mbili zilipunguzwa kwa bahati: gari la kuzidi pauni 1,000 lilikuwa linatozwa kodi maradufu.

Watu wakalizunguka banda lile kama siafu. Mpango ulikuwa kutengeneza magari 200 tu, bodi ya alumini iliyogongwa kwa mkono juu ya fremu ya mbao, liwe tangazo la injini. Hatimaye, baada ya kubadili na kutumia bati la chuma, walitengeneza zaidi ya 12,000. Na wengi waliolibuni hawakuruhusiwa hata kulinunua, maana sehemu kubwa ililazimika kwenda nje, hasa Marekani. Serikali ya Uingereza ilitoka vitani ikiwa na madeni ya dola hadi shingoni. Kiwanda kilipewa chuma kulingana na mali kinayouza nje: huuzi nje, hupati bati. Mwigizaji Clark Gable wa Hollywood alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupata gari lake, wakati daktari wa Coventry anapangiwa foleni.

Hapa niweke jambo moja linalotuhusu, kisha niendelee. Njaa ile ile ya dola ilifika kwetu. Mkonge wa Tanganyika, kama kakao ya Ghana na mpira wa Malaya, uliuzwa kwa dola, na dola zikawekwa London. Sisi tukaandikiwa pauni kwenye daftari. Na kwa kuwa mafuta ya kula yalikuwa haba Uingereza, na kuyanunua kwa dola hawawezi, serikali hiyo hiyo ikaja mwaka 1947 kulima karanga Kongwa kwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukauma majembe. Mradi ukaachwa mwaka 1951, pauni zaidi ya milioni 36 zimeteketea. Taifa moja, shida moja, miaka ile ile: huku wanaweza kuunda injini usiku gizani, huku wanashindwa kumwuliza Mgogo mvua inanyesha lini. Nani anajua ufundi wa mtu unaishia wapi.

Haya, turudi Ulaya. Baadhi ya watu hawakuamini zile maili 120. Tarehe 30 Mei 1949 Lyons akakodi ndege, akawapakia waandishi wa habari, akawapeleka Jabbeke, Ubelgiji, kwenye barabara mpya iliyonyooka. Dereva wa majaribio, Ron Sutton, akapita na XK120 nyeupe kwa maili 132.6 kwa saa, kilomita kama 213. Kisha akageuza, akapita tena mbele yao gia ile ile ya juu kabisa, mwendo wa maili kumi, polepole kama bibi harusi. Wenye kujua magari ndicho kilichowashangaza zaidi, kwamba injini moja inaweza yote mawili bila kukohoa.

Ushindi ukaanza. Agosti 1949 Silverstone, Leslie Johnson. Septemba 1950 kule Dundrod, Ireland ya Kaskazini, mvua inanyesha kama imetumwa, kijana aitwaye Stirling Moss akaazimwa XK120 na mwandishi Tommy Wisdom. Makampuni yalikuwa yamekataa kumpa gari, wakisema mtoto huyu atajiua. Akashinda. Siku iliyofuata akatimiza miaka 21. Halafu kuna gari la Ian Appleyard, namba NUB 120, ambalo lilikwenda mbio za milima ya Alps miaka mitatu mfululizo bila kupoteza pointi hata moja. Aliyeshika ramani na saa pembeni yake alikuwa mkewe Pat, binti wa Lyons. Kazi hiyo ya kuhesabu sekunde huku mumeo anakata kona juu ya korongo huwa haiandikwi kwa herufi kubwa. Mimi naona ndiyo ngumu zaidi. Na gari walilotumia ni lile lile ambalo mtu angelinunua dukani na kwenda nalo sokoni.

Lakini dereva yeyote wa XK120 alijua siri moja. Breki.

Breki za wakati ule zilikuwa za dramu. Fundi wa gereji yoyote atakuonyesha: kuna chungu cha chuma kinachozunguka na tairi, na ndani yake kuna viatu viwili. Ukikanyaga pedeli viatu vinapanuka na kusugua ukuta wa chungu. Msuguano unaleta moto, na moto huo umefungiwa ndani. Chuma kikipata moto kinatanuka, yaani ukuta unavikimbia viatu. Kitambaa cha kwenye viatu nacho kikichemka kinateleza kama kimepakwa sabuni. Kwa hiyo kanyaga ya kwanza inashika, ya tano inashika nusu, ya kumi mguu unafika sakafuni na gari linaendelea na safari zake. Sasa chukua breki hizo, zifiche ndani ya bodi nzuri ya duara iliyofunika matairi hadi upepo haupenyi, halafu ziweke chini ya gari zito la kilomita 190 kwa saa. Ule uzuri wa bati nilioutaja ndio uliokuwa unazichoma. Lyons alitengeneza gari linalokimbia kwa bei ya bure, lakini kulisimamisha alimwachia mwenye mguu.

Le Mans ilifichua jambo hili mbele ya dunia. Ni mji wa Ufaransa, na mashindano yake ni saa 24, mchana na usiku, madereva wawili kwa gari moja wanapokezana. Uwanja wenyewe, kilomita 13 na nusu wakati ule, sehemu kubwa ni barabara za kawaida za wakulima na malori, zinazofungwa siku za mbio tu. Kuna mnyoosho wa kilomita kama sita, na mwisho wake kona kali ya Mulsanne. Kila mzunguko lazima ukanyage, utoke kwenye mwendo wa ndege uingie kwenye mwendo wa baiskeli. Mwaka 1950 XK120 tatu zilikwenda kupima maji. Moja, ya Johnson na Bert Hadley, ilikuwa katika nafasi nzuri hadi karibu na mwisho. Breki zilipochoka wakawa wanatumia gia kupunguza mwendo, hadi klachi ikafa. Nyingine mbili zilimaliza nafasi ya 12 na ya 15.

Lyons na Heynes wakaondoka na hesabu kichwani: injini inatosha, mengine yote hayatoshi. Wakatengeneza gari jipya, C-type, fremu ya mabomba mepesi, bodi iliyopimwa kwa hesabu za upepo na Malcolm Sayer, mtu aliyetoka kiwanda cha ndege cha Bristol. Juni 1951 likaenda Le Mans na kushinda mara ya kwanza tu, Peter Walker na Peter Whitehead wakishika usukani. Mwaka uliofuata wakaharibu wenyewe: walisikia Mercedes mpya ina mwendo wa kutisha, wakababaika, wakabadili pua ya gari dakika za mwisho bila kupima. Maji yakachemka kwenye rejeta, magari yote matatu yakatoka mapema. Nitamrudia Mfaransa mmoja wa mbio hizo.

Katikati ya mambo haya kazi nyingine ilikuwa ikiendelea kimya kimya. Kampuni ya matairi ya Dunlop ilikuwa na breki za ndege: badala ya chungu, sahani ya chuma iliyo wazi, inabanwa pande mbili na vibanio, kama unavyobana sahani kwa vidole. Moto unapulizwa na upepo. Sahani ikitanuka inavifuata vibanio, haivikimbii. Wazo ni rahisi hadi unajiuliza kwa nini halikuja zamani. Lakini ndege inatua mara moja, inasimama, inapumzika, na Le Mans unakanyaga mamia ya mara. Norman Dewis, dereva wa majaribio wa Jaguar, mtu mfupi, ndiye aliyekwenda siku baada ya siku kwenye viwanja vya ndege vilivyoachwa, anakimbia na kukanyaga, anakimbia na kukanyaga. Mafuta ya breki yalichemka yakawa mvuke, pedeli ikawa tupu. Au gurudumu lilicheza kidogo kwenye beringi, sahani ikavisukuma vibanio nyuma, na kanyaga iliyofuata ikakuta hewa. Kila kosa kama hilo yeye alilijua akiwa kwenye mwendo kasi, ukuta uko mbele. Anaporudi gereji anaeleza, wanabadili, anatoka tena.

Jamani, hiyo ndiyo kazi. Hakuna kikombe kinachotolewa kwa dereva wa majaribio.

Juni 1952 Moss alishinda Reims na C-type yenye breki za sahani, mbio za kwanza kushindwa na gari la namna hiyo. Mwaka 1953 C-type tatu zikaenda Le Mans zote na breki hizo. Wenye Ferrari waliona jambo la ajabu: kwenye mnyoosho wako sawa, au hata mbele kidogo, lakini wakifika Mulsanne wanaanza kukanyaga, na Jaguar inawapita ikiwa bado haijakanyaga. Inakanyaga baadaye sana, na bado inasimama. Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda kwa wastani wa maili 105.85 kwa saa, kilomita 170, mara ya kwanza kuvuka wastani wa maili mia kwa saa 24. Jaguar nyingine zikawa za pili na za nne.

Hamilton alikuwa mtu wa vituko na alipenda kusimulia kwamba usiku wa kuamkia mbio walijua wamefutwa, wakanywa hadi alfajiri, kisha wakaambiwa mmerudishwa, ingieni garini. Rolt alikana. Mimi niko upande wa Rolt, maana huyo alikuwa amefungwa na Wajerumani kwenye ngome ya Colditz wakati wa vita, na huko alikuwa mmoja wa wafungwa waliopanga kutengeneza ndege isiyo na injini ya kutorokea, wakaijenga darini. Mtu wa namna hiyo anapenda kutayarisha mambo yake.

Mwaka 1954 ikaja D-type. Bodi imekaa kama samaki, nyuma ya kichwa cha dereva kuna pezi, na chumba cha dereva kimejengwa kama kiwiliwili cha ndege, bila fremu ya kawaida. Mwaka huo Ferrari iliwashinda kwa dakika chache tu. Mwaka uliofuata Mercedes walirudi na gari lao bora, 300 SLR. Walikuwa na kila kitu isipokuwa breki za sahani. Wao walibaki na dramu kubwa, na kuzisaidia wakaweka bati nyuma ya dereva linaloinuka kama mlango na kushika upepo.

Sasa nifike pale ambapo hadithi hii hainiruhusu kuendelea kuchekacheka.

Tarehe 11 Juni 1955, saa kumi jioni, mbio zikaanza. Mike Hawthorn wa Jaguar, kijana mrefu mwenye nywele za rangi ya mchanga na tai ya kipepeo shingoni, alifukuzana na Juan Manuel Fangio wa Mercedes tangu mwanzo kana kwamba mbio zitaisha baada ya saa moja. Baada ya kama saa mbili na nusu, ikafika zamu ya Hawthorn kuingia kwenye vibanda kujaza mafuta. Wakati ule vibanda vilikuwa ubavuni mwa barabara hiyo hiyo ya mbio, bila ukuta wala njia ya kuingilia. Mbele yake palikuwa na Austin-Healey ndogo ya Lance Macklin. Hawthorn akaipita, akaenda kulia, akakanyaga. Breki zile zikafanya kazi waliyofundishwa na Dewis. Macklin akashtuka kuona gari lililompita sasa hivi linasimama mbele yake, akakwepa kushoto. Kushoto alikuwa anakuja Mercedes ya Pierre Levegh, karibu kilomita 240 kwa saa, na nyuma yake Fangio.

Levegh ndiye yule Mfaransa niliyesema nitamrudia. Mwaka 1952 aliendesha peke yake karibu mbio nzima, akakataa kumpa mwenzake usukani, akawa anaongoza, na saa moja na kitu kabla ya mwisho injini yake ikavunjika. Mercedes ndio waliofaidika. Baada ya miaka mitatu wakampa gari. Alikuwa na miaka 49. Fangio alisema hadi mwisho wa maisha yake kwamba Levegh aliinua mkono kumwonya, na kwamba mkono huo ulimwokoa.

Mercedes ilipanda mgongo wa Healey kama inavyopanda ngazi, ikaruka, ikagonga tuta na zege. Injini, ekseli ya mbele na boneti vikakatika na kupita katikati ya watu waliosimama wamebanana nyuma ya uzio wa mbao. Bodi ilikuwa ya magnesi. Ikashika moto mweupe, na walipoimwagia maji ukazidi. Levegh alikufa, na watazamaji zaidi ya 80. Wengine walikuwa watoto waliobebwa mabegani ili waone vizuri.

Mbio hazikusimamishwa. Waandaaji walisema watu wakitoka wote kwa pamoja barabara zitaziba na magari ya wagonjwa hayatapita. Nimelisoma neno hilo mara nyingi, na nadhani kwa saa ile ya kwanza lilikuwa na busara. Kwa saa ya kumi na ya ishirini sioni busara yake. Usiku wa manane ulipopita, Mercedes, ambao walikuwa wanaongoza, waliyaondoa magari yao kwa heshima ya maiti. Jaguar waliombwa wafanye vivyo hivyo. Meneja wao, Lofty England, akakataa. Hawthorn na Ivor Bueb wakashinda siku ya pili katika mvua, na picha ya Hawthorn akicheka na chupa ya shampeni ikawakera Wafaransa kwa miaka.

Je, ni kosa la nani? Uchunguzi wa serikali ya Ufaransa haukumtia dereva yeyote hatiani. Ulisema uwanja ulijengwa kwa magari ya zamani, na hiyo ni kweli, maana ulianza kutumika miaka ya ishirini wakati washindi hawakufikia hata kilomita 100 kwa saa za wastani. Lakini wapenzi wa magari wanabishana mpaka leo kama Hawthorn alikanyaga kwa kuchelewa na kwa nguvu mno mbele ya wenzake. Mimi nadhani mabishano haya yanaruka jambo lenyewe. Breki zile zilikuwa salama kabisa kwa aliyenazo. Hatari ilikuwa kwamba barabara moja ilikuwa na magari ya aina mbili: linaloweza kusimama hapa, na lisiloweza. Kwa miaka minne watu walikaa kiwandani wakitafuta namna ya kupunguza mita za kusimama. Hakuna aliyekaa kuuliza anayekuja nyuma atazipata wapi mita hizo. Sisemi wabaya. Dewis alifanya kazi yake kwa uaminifu na kwa roho yake mkononi. Nasema swali hilo halikuwa kwenye meza ya mtu yeyote.

Na kuna jambo jingine ambalo vitabu vya sifa hulipitia kwa mstari mmoja. William Lyons hakuwepo uwanjani siku hiyo. Siku chache kabla, mwanawe wa pekee wa kiume, John, kijana mdogo aliyekuwa anaandaliwa kurithi kampuni, alikuwa safarini kuelekea Le Mans kwa gari la Jaguar. Katika barabara ya kawaida ya Ufaransa aligongana na lori la jeshi la Marekani, akafa. Kwa hiyo kikombe cha 1955 kilirudishwa Coventry kwenye nyumba yenye msiba. Lyons alikuwa na mabinti wawili, Pat yule wa ramani akiwa mmoja wao, lakini katika fikra za wazee wa zama zile kiwanda hakirithiwi na binti, hata kama amevuka Alps mara tatu. Mwaka 1966 alikiunganisha na kampuni nyingine, na baada ya hapo kikapita mikono mingi: Ford wa Marekani, halafu mwaka 2008 Tata wa India. Mzee aliyelinda moto Coventry wakati India ingali koloni angesema nini sijui.

D-type zilishinda tena 1956 na 1957. Jaguar yenyewe ilijitoa mashindanoni mwishoni mwa 1956; magari yaliyoshinda miaka yote miwili yaliendeshwa na timu ya Scotland, Ecurie Ecosse. Magari yaliyobaki kiwandani bila mnunuzi yaliwekewa kioo cha mbele, mlango wa abiria, turubali na bampa, yakaitwa XKSS, ya kwenda nayo mjini. Tarehe 12 Februari 1957 kiwanda kikashika moto, na XKSS zilizopata kutoka zikawa 16 tu; moja aliimiliki Steve McQueen wa sinema. Mwaka 2016 Jaguar walitangaza kutengeneza tisa mpya kufidia zilizoungua, kila moja kwa zaidi ya pauni milioni moja. Mwaka huo huo D-type iliyoshinda Le Mans 1956 ilinadiwa Marekani kwa dola milioni 21.78. Hizo sasa ni picha za ukutani, hakuna wa kuzikanyagia breki Mulsanne.

Breki zenyewe zilikwenda njia nyingine. Mwaka 1957 Jaguar ilitoa XK150, mjukuu wa ile ya Earls Court, ikiwa na sahani za Dunlop kwenye magurudumu yote manne, kwa mtu wa kawaida mwenye pesa zake. Makampuni mengine yakafuata, kwanza magari ya bei, kisha ya wote. Inama leo uchungulie ndani ya rimu ya mbele ya gari dogo la Kijapani lililopaki Kariakoo au River Road: ile sahani inayong'aa, yenye mistari ya duara, ndiyo ile ile aliyokuwa akiipima Dewis.

Hawthorn akawa bingwa wa dunia Oktoba 1958, akatangaza kuacha mbio. Alikuwa na miaka 29. Tarehe 22 Januari 1959 alikuwa kwenye barabara ya kawaida karibu na Guildford, kusini ya London, peke yake ndani ya Jaguar yake ya milango minne. Barabara ilikuwa imelowa. Mbele yake aliiona Mercedes ya mtu anayefahamiana naye, akakanyaga mafuta aipite. Akaipita.